Pikipiki mpya ya theluji: cha kurekebisha kabla ya kuipandisha mita 3,000

Swali: Nimenunua pikipiki ya theluji (snowmobile) mpya, injini ya viharusi viwili ya cc 850 isiyo na tabo, treki (mkanda mpana unaoisukuma juu ya theluji) ya inchi 165 yenye meno ya inchi 3. Nitaiendesha milimani, kati ya mita 2,500 na 3,300. Muuzaji amenipa orodha ndefu ya vifaa vya kuongeza: ekzosi nyepesi, chipu ya kompyuta ya injini, springi nyingine za klachi. Nianze na kipi?

Jibu: Hiyo orodha iweke kando mpaka msimu wa kwanza uishe. Hakuna ubaya na ekzosi nyepesi, ila pikipiki ambayo klachi, treki na shokapu zake hazijapangwa itapanda vibaya hata ukiifunga spea za nusu ya bei yake. Ukipangilia vizuri kilichotoka kiwandani utapata mashine tofauti kabisa, na gharama yake kubwa ni muda wako na spana.

Anza kwa kujua unapoteza nini. Usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni kama hektopaskali 1,013; mita 3,000 ni karibu 700. Kila silinda inavuta oksijeni pungufu, na mafundi wana hesabu yao ya haraka: asilimia 3 ya nguvu inapotea kwa kila mita 300 unazopanda. Injini ya nguvu za farasi 165 bondeni itabaki na kama 120 huko unakokwenda. Baridi inarudisha kidogo, kwa sababu hewa ikipoa nyuzi 3 za Selsiasi inakuwa nzito kwa takriban asilimia 1, lakini usiitegemee. Kiasi cha petroli kinachoingia usikihangaikie: kompyuta ya injini inasoma kanieneo na joto la hewa, kisha inapunguza mafuta yenyewe. Jeti za kabureta ziliwatesa wenye mashine za zamani, wewe hazikuhusu. Dawa halisi ya upungufu huu ni tabo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Kampuni ya Ski-Doo ilipotoa injini yake ya 850 E-TEC Turbo kwa msimu wa 2021, iliahidi farasi 165 mpaka futi 8,000, yaani kama mita 2,440. Usiyekuwa nayo, dawa yako iko kwenye klachi.

Klachi ndiyo kazi ya kwanza

Pikipiki hii haina gia za kubadilisha kwa mguu. Ina klachi mbili zilizounganishwa kwa beliti. Ya mbele imekaa kwenye krenki, na ndani yake kuna vizito vinavyotupwa nje kadiri injini inavyozunguka, vikisukuma sahani ibane na kuipandisha beliti; springi inavizuia visikimbilie kubana. Ya nyuma ina springi yake pamoja na kipande chenye mteremko wa mviringo, heliksi, kinachohisi mzigo na kurudisha gia chini treki inapokutana na theluji nzito au mlima mkali.

Shida iko hapa. Vizito vilivyopimwa kwa injini yenye nguvu zote ni vizito mno kwa injini iliyobaki na robo tatu ya nguvu. Vinabana mapema, gia inapanda kabla injini haijafika kwenye mizunguko yake, na unakuwa kama mwenye gari anayepanda mlima kwa gia ya nne. Mngurumo unakuwa mzito, mshale unakwama mizunguko 7,500 kwa dakika wakati kilele cha nguvu kiko karibu na 8,000 (namba kamili iko kwenye kitabu chako, ichukue hiyo, usichukue ya rafiki mwenye aina nyingine). Injini ya viharusi viwili yenye ekzosi ya mawimbi, yaani iliyopimwa irudishe mawimbi ya moshi kwenye silinda kwa wakati wake, haisamehi. Ikikaa mizunguko 300 chini ya kilele, hupotezi kidogo, unapoteza nguvu inayosikika mgongoni.

Fungua kava ya upande wa klachi. Karibu kila mtengenezaji anabandika humo, au anaweka kwenye kitabu, jedwali la mwinuko: kutoka mita kadhaa hadi kadhaa tumia kizito hiki, springi hii, heliksi hii. Kisha angalia kilichofungwa kweli. Vizito vina namba iliyogongwa ubavuni. Isome kwa tochi uilinganishe na jedwali. Neno la muuzaji kwamba "imeshawekwa ya milimani" halitoshi, kwa sababu mashine zinahamishwa kutoka duka la bondeni kwenda la juu bila mtu kugusa klachi.

Ukishaweka vizito vya mwinuko wako, jaribu. Jaribio lina masharti: beliti imeshazoea, klachi zimepata moto, tangi limejaa nusu au zaidi, na uko kwenye theluji laini na nene, kwenye mteremko mpole usio na hatari ya maporomoko ya theluji. Bana ekseleta yote kwa mita 150 hadi 200, uangalie mshale unatulia wapi. Usijaribu kwenye barabara iliyoshindiliwa: hapo treki haibebi mzigo, mizunguko itaonekana mizuri, na ukiingia kwenye theluji nzito itaanguka. Mizunguko ikiwa chini, punguza uzito. Ikipita kilele na injini ikaanza kukatakata, ongeza. Kwa kuanzia hesabu gramu 1 kwa kila kizito kama mizunguko 100 hadi 200. Vizito vyote vibadilishwe sawasawa, maana kimoja kikipishana na wenzake klachi inatikisika na kula bushi zake. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vizito na springi siku hiyohiyo hutajua kipi kilisaidia.

Springi na heliksi za dukani ziache kwanza. Zina kazi yake, lakini mtu anayezifunga kabla ya kupata vizito sahihi anatibu ugonjwa asioujua. Na ukishusha mashine iende ikaendeshwe kwenye mita 500, rudisha vizito vya bondeni. Vizito vyepesi kwenye hewa nzito vinaiacha injini izunguke kupita kiasi.

Beliti mpya ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, iache ikauke kabisa, halafu iendeshe kama kilomita 50 bila kubana ekseleta yote. Ile ya akiba ifanyie vivyo hivyo, ili siku ya kuihitaji mlimani iwe tayari. Kitabu kinasema beliti ikae wapi kwenye klachi ya nyuma. Mara nyingi ni usawa wa ukingo wa sahani au juu yake kidogo. Ikikaa juu mno, pikipiki inatambaa injini ikiwa sailensa, yaani bila kubana ekseleta. Ikizama, inaondoka kwa kushtuka na beliti inaungua sehemu moja. Ukiona alama inayong'aa yenye upana wa vidole viwili upande mmoja wa beliti, hiyo imeungua pikipiki ilipokwama na wewe ukaendelea kubana. Kipima joto cha beliti ndicho kifaa cha kuongeza ambacho ningekubali kwenye ile orodha: chini ya nyuzi 80 uko salama, ikikaribia 100 toa mkono kwenye ekseleta uache ipoe. Bila hicho, simama, zima, kisha gusa sahani ya klachi ya nyuma. Ukishindwa kuacha kiganja hapo, beliti inateseka.

Kuzoesha injini, petroli na oili

Fuata kitabu kwenye suala la tangi la kwanza. Mashine nyingine zina programu ya kuzoesha inayoongeza oili yenyewe, nyingine zinataka uchanganye oili kwenye petroli juu ya ile inayopigwa na pampu. Kitabu kikisema 50 kwa 1, hiyo ni mililita 20 kwa kila lita. Usiongeze "kwa usalama". Oili ikizidi inachafua plagi na vali za ekzosi, na inachukua nafasi ya petroli kwenye mchanganyiko, injini ikaenda na mafuta pungufu.

Oktani, namba ya petroli inayoonyesha inavyohimili mgandamizo bila kujilipukia, ni mtego. Pampu nyingi za miji ya milimani Marekani zinauza 85 kama petroli ya kawaida, desturi iliyobaki tangu enzi za kabureta. Injini yako, kama nyingi za cc 850, huenda inataka 91 kwa hesabu ya pampu za Marekani, ambayo ni takriban 95 kwa hesabu ya RON inayotumika kwingine. Ukiweka ya chini, sensa inayohisi injini ikigonga kwa petroli kujilipukia inachelewesha moto wa plagi na unapoteza nguvu ambazo tayari huna za kupoteza.

Asubuhi, usiondoke mpaka maji ya injini yafike kama nyuzi 40. Pistoni ya alumini inapata moto na kutanuka haraka kuliko silinda inayozungukwa na maji ya baridi. Ukibana ekseleta mapema, pistoni inashika. Hitilafu hiyo inaua injini nzuri nyingi, na dakika tano za kusubiri zinaizuia.

Treki

Kabla ya kukaza chochote, pikipiki iwe juu ya stendi, treki ikiwa hewani, na asisimame mtu nyuma yake inapozunguka. Jino au jiwe likichomoka linatoka kwa kasi ya kuvunja mguu. Mkazo unapimwa katikati ya sehemu ya chini: unaning'iniza uzito uliotajwa kwenye kitabu, kisha unapima treki imeshuka kiasi gani kutoka kwenye plastiki ya reli (vyuma viwili virefu ambavyo treki inateleza juu yake). Kwa mashine nyingi jibu liko kati ya sentimita 2.5 na 4. Milimani watu wanapenda upande wa kulegea, kwa sababu treki iliyokazwa sana inakula nguvu na kuchosha beringi. Ila ikilegea kupita kiasi, utasikia kishindo kikubwa chini ya miguu unapofunga breki: sproketi zinaruka meno, na hapo meno ya ndani ya treki yanakatika.

Ukishapata mkazo, izungushe polepole utazame nyuma. Nafasi kati ya vikuku vya chuma vya treki na reli iwe sawa pande zote mbili. Treki ikiegemea kushoto, kaza boliti ya kushoto robo mzunguko, izungushe tena, tazama upya. Treki mpya hutanuka, kwa hiyo rudia baada ya siku mbili tatu za kuendesha.

Shokapu, na ule mkanda wanaousahau

Mbele ya fremu ya treki, ndani, kuna mkanda mfupi wa nailoni wenye matundu, umefungwa kwa boliti. Kazi yake ni kuzuia mbele ya treki isishuke kupita kiwango. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huo, na ndicho kinachoamua pikipiki itapandaje. Ukiufupisha tundu moja, skii (vibao viwili vya mbele vya kuteleza na kukatia kona) zinabeba uzito zaidi, mbele haiinuki ovyo, na treki inaingia kwenye theluji kwa pembe ya kulala, inaelea badala ya kuchimba. Ukiurefusha, skii zinakuwa nyepesi, pikipiki inasimama kwa nyuma kwa urahisi, na treki inachimba handaki. Kwa treki ndefu ya inchi 165 na milima mikali, anza na tundu la kiwanda. Ikiinuka mbele kila ukibana, fupisha tundu moja, usizidishe hapo kwanza. Ukizidisha, skii zinazama na mikono inachoka kwa kuzilazimisha.

Shokapu ya nyuma ipime ukiwa umevaa kila kitu: nguo, helmeti, begi lenye zana. Mtu mmoja apime urefu wa bampa ya nyuma kutoka sakafuni pikipiki ikiwa tupu na nyuma imeinuliwa kidogo iache kubeba uzito. Kisha simama kwenye vibao vya miguu, ruka kidogo, tulia, apime tena. Robo hadi theluthi ya mwendo wote wa nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikishuka zaidi, kaza springi. Ikiwa laini mno nyuma, mbele itakuwa nyepesi na utadhani tatizo ni ule mkanda. Shokapu ya mbele ya treki iache laini au kama ilivyotoka kiwandani. Ikiwa ngumu inasukuma theluji chini na kunyanyua skii, kosa lilelile kwa njia nyingine.

Za skii ziwe sawa kushoto na kulia, kwa upande wa ulaini. Kukata mlima kwa ubavu kunahitaji pikipiki ilale upande kwa urahisi, na springi ngumu za skii zinapingana na hilo. Kama ni za hewa, zijaze nje kwenye baridi, kwa pampu ya shokapu. Shokapu iliyojazwa psi 60 gereji yenye nyuzi 20 itasoma kama psi 50 ikishapoa mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri, na utashangaa kwa nini jana ilikuwa nzuri. Upana wa skii, ikiwa mashine yako inaruhusu kuhamisha spesa, uweke kwenye ule mwembamba, karibu inchi 36. Nafasi kati ya ncha za mbele za skii izidi ile ya nyuma kwa milimita 3 hadi 6, usukani ukiwa umenyooka.

Usukani upange ukiwa umesimama, siyo umekaa, kwa sababu milimani utasimama karibu muda wote. Viwiko vikunjike kidogo, vifundo vya mikono vinyooke. Ukiongeza kipande cha kuuinua, uzungushe mpaka mwisho pande zote mbili na utazame bomba la breki na nyaya: kama zinavutika, usiondoke hivyo.

Joto na theluji ndani ya injini

Rejeta ziko kwenye bodi ya alumini juu ya treki na zinapozwa na theluji inayorushwa na meno. Kwenye njia ngumu ya kuelekea mlimani hakuna theluji inayoruka. Shusha vikwaruzo, vile vyuma vyenye springi vinavyokwangua barafu kando ya reli, la sivyo maji yanapanda joto na plastiki za reli zinayeyuka. Kwenye theluji laini joto hukaa takriban nyuzi 50 hadi 65. Likipita 80, tafuta theluji laini pembeni kabla taa haijawaka. Vipandishe vikwaruzo kabla ya kurudi nyuma, kama vyako si vya kujikunja.

Theluji kavu ya unga inaziba vichujio vya kuingizia hewa. Injini ikianza kukosa pumzi ghafla baada ya saa moja kwenye theluji nene, fungua huko kwanza kabla ya kulaumu klachi. Mara nyingi ni pazia la barafu unalobandua kwa kidole. Vichujio hivyo visipakwe oili.

Vya mwilini

Kifaa cha kutafutana kwenye maporomoko, cha kilohezi 457, kinavaliwa mwilini chini ya koti, kikiwa kimewashwa tangu mnapoegesha gari. Simu na vitu vya umeme vikae angalau sentimita 20 mbali nacho, na sentimita 50 unapotafuta mtu. Glavu na miwani ya kupasha joto zinahesabika. Sepetu ya chuma na fimbo ya kuchokoa ya sentimita 240 au zaidi zikae mgongoni mwako, kwenye begi lenye puto la hewa kama unalo. Kuzifunga kwenye pikipiki ni kosa: maporomoko yakikutenganisha nayo, utabaki mikono mitupu. Kamba ya kuzima injini ifungwe kwenye koti kila safari. Na mlima unapandwa na mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama. Hapa sina mjadala.

Kwenye pikipiki weka beliti ya akiba pamoja na chuma chake cha kufungulia, plagi mbili, spana ya plagi, msumeno wa kukunja na kamba ya kuvutia.

Baada ya saa 10 za mwanzo

Rudi gereji. Boliti za fremu ya treki, za skii na ya klachi ya nyuma zikazwe kwa spana ya kipimo, kisha zipigwe mstari wa rangi kutoka kwenye kichwa cha boliti mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukivunjika, boliti imezunguka, na utaiona bila spana. Angalia kiwango cha maji ya injini, maana hewa iliyobaki wakati wa kujaza kiwandani hutoka katika saa hizi za mwanzo na kiwango kikashuka. Kama mashine yako inatumia cheni, mwaga oili ya sanduku la cheni na utazame sumaku kwenye boliti ya kumwagia. Uji laini wa kijivu ni kawaida ya cheni mpya. Ufute, jaza oili mpya kwa kipimo cha kitabu, rekebisha mkazo wa cheni. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, usiiwashe tena mpaka sanduku lifunguliwe.